Gari la Mama Mkwe

Lingeka, Meatu
8 Mei 1995

Kwa mkwilima wangu Thomasi,

Mwangaluka. Sisi huku hatujambo. Scola naye hajambo, tumbo limeshuka na miguu imeanza kuvimba, lakini mkunga anasema ni kawaida kwa mimba ya kwanza. Anakusalimu sana na anasema usilale bila kula.

Nakuandikia mwenyewe kwa sababu mtu wetu wa katikati ndiye huyu aliyelala hapa kwenye mkeka. Maneno yangu yote kwako yalikuwa yakipita kwa Scola, na yako kwangu vilevile. Tangu umwoe, ukiniona njiani unaingia mtamani, nami nikikuona najitanda kanga na kugeuza uso. Siyalaumu hayo, ni ya wakubwa wetu na yana heshima yake. Ila siku nilizofundishwa kuandika kwenye darasa la watu wazima, mwalimu hakusema kwamba kalamu nayo ina ukwe. Basi tuzungumze hapa.

Mwanangu Ngassa amenitumia habari kwamba pikapu imemfia Bariadi karibu na stendi, maji yote yamemwagika, na kwamba wameisukuma mpaka kwenye gereji yako. Alifanya vizuri. Kama kuna shemeji fundi, kwa nini aende kwa mtu baki? Anasema umeangalia ukaona rejeta imetoboka. Sawa. Ziba hiyo rejeta, unitumie bei, nitalipa. Ukiona ubovu mwingine, niandikie unieleze ni nini na itagharimu kiasi gani, nami nitakujibu. Usifungue kitu kingine kabla sijajibu.

Sisemi hivyo kwa kukudharau. Wewe ndiye fundi, mimi hata hiyo injini sijui inakaaje. Lakini unajua gari lile limetoka wapi. Mume wangu Mwandu alipofariki, kaka yake Bundala alitaka ng'ombe wote wahamie zizini kwake. Mimi nikauza nusu nikanunua gari, na mlangoni nikaandikisha MWANDU NA WANAWE ili ajue ni la nani. Hajanisamehe mpaka leo. Kila akiliona anasema, "Mwanamke na gari, tutaona." Sasa pamba si ya ushirika peke yake tena, wanunuzi binafsi wamejaa na wote wanatafuta usafiri. Yupo mmoja nimempa neno langu kwamba msimu ukifunguliwa mwishoni mwa Juni, pikapu yangu ndiyo itakayomzungusha vijijini. Msimu ukifunguliwa gari likiwa halipo, Bundala atapata la kusema mpaka nizikwe.

Wabeja. Ni mimi mama yenu,
Milembe


Bariadi Mjini
25 Mei 1995

YAH: HALI YA GARI LAKO

Mayu mpendwa,

Barua yako niliipokea kwa mikono miwili na moyo mkunjufu. Ni dhumuni la barua hii kukujulisha kwamba mimi ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni juu yako na juu ya mwenzangu Scola katika kipindi hiki kigumu. Mwambie nakula.

Kuhusu gari, ondoa shaka kabisa. Limepokelewa kwa heshima zote zinazostahili gari la mzazi. Limepata huduma ya kina. Siku hizi, mayu, mambo yamebadilika. Zamani tulikuwa tunachonga spea kwa tupa na kumwomba Mungu. Sasa mzee Jabiri, ambaye kiwanja cha gereji ni chake na duka la spea ni lake, anashusha makasha kutoka Dubai, vitu vipya vikiwa bado na mafuta yake ya kiwandani. Gari lako halikukosa bahati hiyo. Hata rangi limepata, buluu ya kung'aa, utakapoliona utadhani ndiyo kwanza linatoka dukani.

Ngassa alikuwa anachoka bure kukaa hapa kwenye jua, nikamwambia aende kwa shangazi yake kule Sola akapumzike, nitamwita likiwa tayari.

Mengine tutaongea baadaye. Naomba ukae kwa amani.

Mwanao mtiifu,
Fundi Thomasi Januarius


Lingeka
7 Juni

Thomasi,

Sisi wazima.

Ngassa alirudi jana kwa basi. Alipita gerejini kulichukua gari akakuta geti limefungwa kwa kufuli, na mzee Jabiri akampa karatasi aniletee. Mtoto huyu ana moyo mzuri lakini akili ya kupima mahali hana. Alinikuta nimekaa uani na Bundala na wazee wengine waliokuja kwa habari ya malisho, akaitoa palepale. Bundala akaipokea kabla yangu. Akaisoma kwa sauti, taratibu, jina la kila chuma: pistoni, ringi, silinda hedi, kilachi, rangi, ufundi. Alipofika chini kwenye jumla akavua kofia yake akaipepea karatasi kama mtu anayepoza uji. Wazee wakatazama chini. Nami nikaenda jikoni nikajifanya naangalia ugali ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

Niliomba maji yasivuje. Nimeletewa injini.

Nimeisoma barua yako ya mwezi uliopita tena na tena. Umesema "huduma ya kina." Ulikuwa unajua tayari wakati unaandika maneno hayo, sivyo? Rejeta nitailipa leo ukitaka. Hivyo vingine hata nikiuza ng'ombe waliobaki wote havilipiki, na hata vingekuwa rahisi, sikuvituma. Mzee Jabiri ameandika kwamba gari halitoki mpaka nilipe chote.

Kisha Ngassa akaniambia habari ya rangi. Nikamwuliza, "Na maandishi ya mlangoni?" Akajibu mlango wote ni buluu. Thomasi, jina la mume wangu umelipaka rangi juu? Bundala ameshapata neno jipya. Anasema jina la Mwandu limefutwa, sasa gari ni la mkwe.

Nieleze. Andika kwa maneno ya kawaida, uache yale ya ofisini.

Milembe


Bariadi
13 Juni 1995

Mayu,

Nimeumia sana kusikia yaliyotokea mbele ya wazee. Haikuwa nia yangu. Mzee Jabiri alipaswa kuileta ile karatasi kwangu kwanza.

Wacha nikueleze ilivyokuwa. Nilipoitoa rejeta niliona maji yamechanganyika na oili. Hiyo ni dalili mbaya. Injini ilikuwa imepata joto kali, na ningeziba rejeta peke yake gari lingekufa tena kabla ya kufika Lagangabilili. Hapo ndipo nilipokwama. Ningekuuliza vipi? Scola yuko kwako. Kumtuma kijana wa gereji kwa mama mkwe kumwambia "lete hela ya injini" ni kukuvunjia heshima. Ngassa ni shemeji yangu mdogo, sikuona vizuri kumpa mzigo wa namna hiyo. Nikasema moyoni, huyu ni mzazi wangu, nimfanyie kama ambavyo ningemfanyia aliyenizaa. Nikafanya kila kitu ili usipate shida njiani. Yote yalitokana na upendo, mayu, na kwa fundi mwingine usingepata kazi kama ile.

Rangi ilikuwa zawadi. Mabati ya mlango yalikuwa yameoza kwa kutu. Kosa la maandishi nalikubali.

Kuhusu mzee Jabiri, yeye ni mfanyabiashara na ndiyo desturi ya gereji zote: gari linazuiwa mpaka kazi ilipwe. Nimemsihi, hataki. Labda ungelipa kidogo kidogo, angalau nusu kwa sasa, mimi niendelee kumbembeleza.

Nisalimie Scola. Je, bado?

Thomasi


Lingeka
18 Juni

Kwa Thomasi,

Bado. Anatembea akishika kiuno.

Barua yako nimeisoma nikiwa peke yangu, Scola sikumwonyesha. Unasema ulishindwa kuniuliza. Lakini unanijibu hapa bila shida yoyote, wala kalamu haijakuvunjika. Mimi ndiye niliyefungua njia hii, nikakuandikia kwa mkono wangu kwamba ukiona ubovu uniandikie. Basi linalokuja huku linapita kila wiki na konda anatujua sote. Usiseme hukuwa na mtu.

Kuna kitu kinaniuma, na nitakisema. Magari yanayoingia kwenye gereji ile ni mengi, ya wafanyabiashara, ya serikali, ya mapadre. Hao wote ungewafungulia injini bila kuwauliza, wangekuja asubuhi yake wakakushika shati. Mimi siwezi. Ulijua mimi siwezi. Mama mkwe hana miguu ya kufika kwa mkwilima wake, akionekana getini mmoja lazima akimbie. Mteja wa namna hiyo unampata wapi tena? Ulinichagua kwa hilo.

Nilikwenda mahakama ya mwanzo. Sikushitaki mtu, nilikwenda kwa Kristofa, karani, ambaye tulisoma naye kisomo. Nikamweleza kama vile ni habari ya mtu mwingine. Akaniambia fundi anadai malipo ya kazi aliyotumwa, ile aliyojituma mwenyewe ni mali yake na hasara yake. Na kama mwenye gari hakukubali, basi avitoe vyuma vyake arudishe vile alivyovikuta. Nikamwambia ahsante, nitamfikishia huyo mwenzangu. Kristofa akanitazama kwa huruma, nadhani Bundala alishampitia.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa vyako, rudisha vyangu. Injini yangu ya zamani, na kunguruma kwake, naitaka. Gharama ya rejeta nitakuja nayo mkononi.

Ndiyo, nakuja. Wiki ijayo, kabla msimu haujafunguliwa. Nimefikiri sana nimeona hakuna mwanaume wa kumtuma. Bundala ataongea la kwake, na Ngassa wamemzoea. Kanga ninazo mbili, nitajitanda zote.

Milembe


Bariadi
21 Juni 1995

Mayu, nakuomba usije.

Natuma barua hii kwa konda wa leo, ikufikie kabla hujaondoka. Mafundi wote hapa ni Wasukuma, wanajua wewe ni nani kwangu. Ukija mimi nitakwenda wapi? Nipe muda mpaka mwisho wa mwezi. Kurudisha vile vya zamani si rahisi kama karani anavyodhani. Nitakueleza kwa nini. Nipe muda tu.

Naapa nitalimaliza.

Thomasi


Bariadi
30 Juni 1995

Mayu,

Sijui barua ile ilikufikia au la. Pengine ilikufikia ukaja hivyohivyo, na ulikuwa na haki.

Unajua nilikokuwa. Watu wote wa gereji wanajua, na kufikia jioni Bariadi nzima ilikuwa inajua. Nitakuandikia mwenyewe ili angalau yawepo maneno yangu kati ya hayo yanayosemwa.

Nilikuwa chini ya lori la mnunuzi wa pamba, ndani ya shimo la gereji, nikisikia mtu anabisha hodi getini. Nilipotambua sauti yako nilishusha supana. Mlango wa nyuma upo, ningeweza kutoka, lakini ningepita mbele ya macho yako. Nikajiinamia mle shimoni kwenye oili na matope. Nilijiambia ni heshima. Nikajiambia mkwe hawezi kusimama mbele ya mama mkwe, kwa hiyo ninafanya kilicho sawa.

Nilisikia ulivyomsalimu mzee Jabiri na ulivyomwuliza, bila kupandisha sauti, ni nani aliyeagiza kazi ile. Nikamsikia akijibu, "Fundi aliniambia wewe mwenyewe uliagiza, mama. Alisema mama mkwe wake ni mtu mwenye ng'ombe, anataka kila kitu kipya. Bila hivyo ningetoaje spea zangu dukani?" Ulikuwa na nafasi ya kuniita mwongo mbele ya vijana wangu wote, ukasema tu, "Sikuagiza." Na mzee Jabiri ukimsikia anavyohema unajua ameshakuamini wewe.

Halafu ukauliza injini yako ya zamani iko wapi. Hapo ndipo alipoita, "Thomasi, toka shimoni uje umjibu mama." Vijana wakaanza kucheka. Yule wa kuchomelea akapiga miluzi. Nilisikia mtu anagonga bodi la lori kwa supana juu ya kichwa changu. Nami sikutoka. Ukasema, "Mwacheni. Hawezi kutoka nikiwa nimesimama hapa. Naondoka." Ukaondoka bila gari.

Uliniokoa, nami ndiye niliyekuibia.

Sasa nikujibu lile swali. Vyuma vyako vya zamani havipo. Pistoni na silinda hedi vilikuwa vizima, mayu, injini ile ilikuwa na miaka mingi mbele yake. Maji kuchanganyika na oili niliyatunga nilipokuwa nakuandikia. Nilivitoa nikaviuza, vipo kwenye gari la mtu wa Maswa na siwezi kuvidai. Nilikuwa nimechukua spea kwa mzee Jabiri kwa mali kauli nikitegemea wateja, wateja wakahamia gereji mpya za barabarani, naye alikuwa ananibana kila siku, akinitaka nionyeshe vitu vinatoka. Ikaja pikapu yako. Uliyoandika kwenye barua yako ndiyo kweli yenyewe. Nilipoisoma niliikunja nikaiweka mfukoni, nikatembea nayo siku nzima nikiogopa kuifungua tena. Nilikuchagua kwa sababu usingeweza kuja.

Najua utamzuia Scola. Ni haki yenu, hata baba yangu mzee Januarius ameniambia nisishangae. Sitakuja kumdai.

Thomasi


Lingeka
10 Julai

Kwa Thomasi,

Scola amejifungua salama siku ya sabasaba, mtoto wa kike. Ana nywele nyingi na sauti ya kukaripia. Wewe ni baba.

Barua yako nilichelewa kuijibu kwa sababu kwanza nilikuwa na hasira, kisha nikawa na kazi, kisha nikawa na mgeni huyu mpya. Hasira haijaisha. Usije ukadhani kwa kuwa nilisema "mwacheni" basi nimesamehe. Nilisema vile kwa sababu nilikuwa naona aibu. Wewe ulikuwa shimoni unaona aibu yako, mimi nilikuwa juu naona ya kwangu na yako pamoja. Nimezeeka nikiwa na heshima, na siku ile vijana wenye mikono ya grisi walinicheka nimejitanda kanga mbili. Nikiwa kwenye basi kurudi, nililia mpaka yule mama niliyekaa naye akaniuliza kama nimefiwa.

Msimu umefunguliwa. Mnunuzi alinisubiri kidogo, kisha akachukua pikapu ya mtu wa Mwanhuzi. Simlaumu, pamba haingojei. Kwa hiyo lile nililokuwa naliogopa limeshatokea, na cha ajabu bado nakula na kulala.

Bundala aliitisha kikao. Walikuja ndugu wote wa Mwandu. Hawakuniuliza kama nimeumia, waliuliza tutamshika kwa kitu gani huyu mkwilima. Wakakubaliana upesi kabisa. Scola na mtoto wabaki hapa, asitie mguu Bariadi, mpaka gari lirudi na fidia juu yake. Wakasema ndivyo inavyofanyika. Na ni kweli, nimeona ikifanyika kwenye nyumba nyingi, hata mimi mwenyewe mama yangu aliwahi kunizuia hivyo nikiwa na Mwandu, kwa ajili ya ng'ombe mmoja aliyekufa njiani.

Nikawaambia hapana. Walidhani sikusikia vizuri. Nikawaambia nimeshinda mwezi mzima nikilia kwamba mtu amezuia kitu changu ili nilipe nisichokubali. Nikimzuia mke wa mtu na mtoto wake mchanga kwa sababu hiyohiyo, nitamshitaki nani tena? Bundala akasema mimi ni mjinga na gari halitarudi. Inawezekana. Nilimwambia basi nitakuwa mjinga asiye na gari.

Scola na mtoto wanakuja na basi la Ijumaa. Ngassa atawasindikiza mpaka stendi. Nimewawekea unga, samli na kibuyu cha maziwa. Mtoto bado hana jina, hilo ni lenu.

Gari utalirudisha au hutalirudisha, sitakuandikia tena kulidai. Rejeta tu ndiyo nadaiwa na gharama yake anayo Ngassa, atakupa stendi. Usiikatae.

Jambo moja. Scola hajui habari ya shimo. Hajui kwamba nilifika gerejini, wala hajui kwamba vyuma vilikuwa vizima. Nilimwambia nakwenda Bariadi kununua nguo za mtoto, na kweli nilinunua. Watu watamwambia, ila nimeona afadhali ayasikie kutoka kwako kabla hajateremsha mizigo.

Milembe


Bariadi
22 Julai 1995

Mayu,

Ngassa akikupa barua hii ujue amekuja akiendesha gari lako. Nilikwenda kwa mzee Jabiri siku ileile barua yako iliponifikia, nikamwambia mbele ya vijana kwamba deni la spea ni langu, wewe hukuziagiza. Akasema alishalijua hilo tangu siku uliyokuja, alikuwa anasubiri nitamke kwa mdomo wangu mwenyewe. Amechukua vifaa vyangu vyote vya kazi na sehemu yangu ya gereji. Sasa mimi ni kibarua wake, nalipwa kwa siku, na akanipa ufunguo wa pikapu. Injini iliyomo ni mpya, ikae. Najua sicho ulichotaka. Hela ya rejeta niliipokea kama ulivyoagiza, na risiti yake iko kwenye bahasha hii.

Scola na mtoto walifika salama. Nilimweleza palepale stendi, mizigo ikiwa bado juu ya basi. Nilimwambia yote, ya injini, ya kumdanganya mzee Jabiri, ya shimo. Nilidhani atalia au atapanda basi arudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo.

Hakufanya hivyo. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akakaza mbeleko, akaniuliza, "Mama alikaa wapi?"

Nikamwuliza kukaa wapi ni vipi.

"Siku hiyo gerejini. Ametoka Lingeka asubuhi kwa basi, miguu yake inavyomwuma. Nani alimpa kiti?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Nilikaa nikakumbuka miguu yako niliyokuwa naiona kutoka kule chini ya lori, nikamjibu kwamba ulisimama.

"Muda wote?"

"Muda wote."

Akachukua mizigo mwenyewe, akanikataza nisiiguse, akatangulia. Tumefika nyumbani, tunakula, mtoto ananyonya vizuri, ananijibu nikimsemesha. Lakini kila nikikaa kitini yeye anasimama. Si kwa ugomvi, wala hasemi neno. Anasimama tu pale mlangoni na mtoto wake, mpaka nami ninyanyuke.

Thomasi